Mtu wa Nane wa Shamba la Ferrandis

Perpignan, 4 Machi 1984

Kheira mpenzi,

Utashangaa kuona jina langu nyuma ya bahasha. Ni mimi Odile, binti wa Anselme Ferrandis, yule mliyemwita Udil kwa sababu Mama Yamna alishindwa kulitamka jina langu. Anwani yako nimepewa na mwalimu mmoja Mfaransa aliyefundisha huko kwenu miaka miwili. Ameniambia wewe sasa ndiye mwalimu mkuu wa shule ya Ain Sebra, na kwamba mama yako Yamna yu hai. Nililia palepale jikoni, mbele ya fundi aliyekuja kutengeneza friji. Maskini, alidhani amevunja kitu.

Baba naye yu hai, kama ni uhai huo. Ana miaka sabini na tisa, anaishi kwangu, na asubuhi nyingine huniuliza kama nyumbu wameshanyweshwa.

Nakuandikia kwa sababu wajukuu wa familia zetu za huko Algeria hawajui lolote, na chama chetu cha Wafaransa tuliotoka huko kimeniomba niandike historia ya shamba. Sura ya kwanza nimeimaliza. Babu mkuu, Vicente, alikuja kutoka Alicante, Hispania, mwaka 1872 na jembe na nyumbu mmoja. Alikuta mawe na minyaa. Aling'oa jiwe moja moja kwa mikono yake, akapanda mizabibu. Mwanawe akajenga nyumba kubwa yenye ngazi mbili. Baba akajenga ghala la mvinyo mwaka 1936, lenye matangi kumi na mawili ya saruji, watu wakija kulitazama kutoka mjini Oran. Halafu zikaja zile siku mbaya, na mwaka 1962, mlipopata uhuru, tukaondoka na masanduku mawili.

Ninaloomba ni dogo: picha ya nyumba ilivyo sasa, na lolote unalolikumbuka. Hata majina ya mbwa.

Mbusu Mama Yamna kwa niaba yangu. Sijasahau kwamba alininyonyesha.

Wako, Odile


Ain Sebra, 29 Machi 1984

Bibi Odile,

Barua yako imefika, imefunguliwa na kufungwa tena na watu wa posta, lakini imefika. Mama aliposikia jina lako aliuliza, "Udil? Ameshaolewa? Alikuwa mwembamba kama mpini wa ufagio." Nikamwambia una miaka arobaini na mitatu. Akasema, "Basi nyie someni barua, msinichekeshe." Macho yake yamekwisha. Anaona mwanga na kivuli, basi. Anakusalimu.

Nyumba ipo. Chini kuna zahanati na stoo ya mbolea, juu zinaishi familia nne. Ngazi moja imeanguka. Shamba ni la serikali, na limepewa jina la shujaa wa mji wa Mascara ambaye hakuwahi kulikanyaga. Mizabibu inang'olewa kidogo kidogo, panapandwa ngano. Mbwa walikuwa Turco na Bichette. Turco aliniuma.

Kuhusu sura yako ya kwanza, mimi ni mwalimu, siwezi kuona kosa nikaliacha. Vicente hakukuta mawe na minyaa. Alikuta watu wa ukoo wa Ouled Sebra, mmoja wao babu wa babu yangu. Ardhi ilikuwa ya ukoo mzima, haikugawanywa. Vicente alinunua fungu la binamu mmoja mlevi, akaenda mahakamani kudai agawiwe chake. Kesi ikaendeshwa kwa Kifaransa, miaka mitatu, hakuna aliyeelewa neno. Mwishowe hakimu akaamuru ardhi yote ipigwe mnada, na mnunuzi alikuwa mmoja tu. Mawe unayoyasema, aliyeyang'oa ni babu yetu huyo, akiwa kibarua katika shamba lake mwenyewe. Kama wajukuu zenu wanataka historia, waandikie na hiyo.

Sasa nami nina ombi.

Unazikumbuka siku za mwisho za Oktoba 1957. Nguzo za simu zilikatwa barabarani, na jioni yake wanajeshi wa Ufaransa wakawachukua wafanyakazi wanane wa shamba, na kaka yangu Djelloul, mwenye miaka kumi na tisa, akiwa mmojawapo. Wakawafungia kwenye tangi namba saba. Asubuhi tukaambiwa wamekufa wote. Hatukuonyeshwa maiti. Tuliona lori limefunikwa turubai likipita, na mama akalikimbiza hadi akaanguka.

Tangi lile lilikuwa limefukizwa salfa siku hiyohiyo kuua ukungu, na aliyelifukiza ni baba yangu, Miloud, kwa amri ya baba yako, kama kila mwaka baada ya mavuno. Hakuna mtu wa ghala asiyejua kwamba moshi ule ukibaki ndani mtu hapumui. Wakati wanafungiwa, baba alikuwa njiani na mapipa ya mvinyo, anaelekea bandarini. Aliporudi alimkuta mama ameketi uani. Aliishi miaka kumi na minne baada ya hapo, na hakushika kiberiti tena. Sigara yake aliwashiwa na jirani. Alikufa 1971 akiamini ni mkono wake uliomuua mwanawe.

Mama hataki kumlaani mtu. Anataka kaburi. Muulize baba yako waliwapeleka wapi.

Kheira Bensahla


Perpignan, 20 Aprili 1984

Kheira yangu,

Barua yako imenichoma. Sikukuandikia tugombane. Hayo ya mnada siyajui, nyumbani hayakusemwa, na kama Vicente alitenda hivyo basi alitenda kama wote wa wakati wake.

Kuhusu mwaka 57, nakuomba unielewe. Jeshi lilichukua ghala. Halikubisha hodi. Baba hakuwa na la kusema mbele ya kapteni mwenye bunduki arobaini. Sisi wasichana hatukujua kitu, na mimi wiki ile nilikuwa kitandani na homa, madirisha yamefungwa. Nilikuja kusikia baadaye kama wengine wote.

Sasa baba akili yake inakuja na kuondoka. Nikimtajia Algeria analia, au anaomba suruali yake ya kupandia farasi. Daktari amekataza asisumbuliwe. Ungemwona ungemhurumia.

Nakuletea picha. Ni sisi wanne kwenye bomba la maji, mwaka 1949: mimi, wewe mwenye nywele za kusimama, Turco, na Djelloul ametoa ulimi. Mkono wake bado umefungwa bandeji, ile mara aliyoanguka kutoka juu ya mashine ya kukamulia zabibu. Mpe Mama Yamna, hata kama haoni. Ataishika.

Odile


Ain Sebra, 6 Mei 1984

Odile,

Mama anaishika. Analala nayo.

Sina muda wa maneno matamu. Meneja wa shamba ametangaza kwamba mwezi wa saba mizabibu yote iliyobaki itang'olewa. Yanakuja matrekta yenye plau ya kuchimba hadi kiunoni. Kama wamelala chini ya mizabibu, na wazee wengi hapa wanaamini hivyo, plau itawageuza pamoja na mizizi na hatutajua nani ni nani.

Unaniambia nimhurumie mzee anayelia. Nimejaribu. Nimeshindwa.

Jambo moja nikukumbushe, maana umelitaja mwenyewe. Mama alikunyonyesha miezi minane, baada ya kuzika kichanga chake. Katika dini yetu hilo si jambo la shukrani tu. Wewe ni dada yake Djelloul kama mimi nilivyo dada yake. Asingeruhusiwa hata kukuoa. Kwa hiyo usimuulize baba yako kwa ajili yangu. Muulize kwa ajili ya kaka yako.

Kheira


Perpignan, 2 Juni 1984

Kheira,

Nimemuuliza. Nilichagua asubuhi aliyoamka akijua yuko wapi. Nilikuwa namnyoa. Nayaandika kama yalivyosemwa.

Nikasema, "Baba, wale watu wa tangi namba saba, walizikwa wapi?"

Akasema, "Nani anauliza?"

"Yamna."

Povu likamkauka shavuni. Kisha akasema, "Upande wa chini wa nyumba ya pampu. Safu sita za kwanza, upande wa barabara. Mtaro ulichimbwa na mashine yetu. Februari nikapanda mizabibu juu yake."

Nikamuuliza kama ni kweli jeshi lilichukua ghala kwa nguvu. Akanitazama kama mtoto mjinga. "Kapteni alikuwa hana mahali pa kuwaweka. Nikamwambia nina matangi. Akauliza, 'Ni matupu?' Nikamwambia, matupu."

"Na salfa?"

"Hakuuliza salfa."

"Baba, wewe ulijua!"

"Walinichomea ghala la majani mwezi wa nane. Miaka themanini na mitano tuko pale, Odile, na wanatuchomea majani. Nilitaka walale humo usiku mmoja wakohoe. Wakohoe tu." Halafu akasema, "Nimalizie upande huu."

Nikammalizia. Sikujua la kufanya, mkono wangu ukaendelea wenyewe.

Historia ya shamba nimeiacha. Wote wako hapo, safu sita za kwanza, upande wa barabara. Wahini matrekta.

Odile


Ain Sebra, 27 Juni 1984

Odile,

Tulichimba siku nne. Meya alikuja, na askari wawili, na daktari kutoka mjini mwenye masanduku ya mbao. Meneja alinung'unika kwamba tunamharibia ratiba, mpaka mzee mmoja akamwambia, "Mwanangu, kaa kimya au ushike koleo." Akashika koleo.

Siku ya pili alasiri wakatokea. Baba yako ana kumbukumbu nzuri kuliko unavyodai. Walikuwa wamelazwa kifudifudi, na mizizi imepita katikati yao, ikabidi daktari aikate kwa mkasi wa kupogolea. Mkanda wa Bouziane ulitambuliwa, ule wenye kichwa cha farasi. Hirizi ya ngozi ya Larbi ilikuwa bado imeshonwa. Wake zao wamezeeka wakisubiri kuona hivyo vitu, na walipoviona hakuna aliyepiga kelele. Kelele ilikuja baadaye, moja tu, kutoka kwa mwanamume.

Mama nilimwekea kiti ukingoni. Kila sanduku lilipofungwa aliuliza, "Huyu ni wangu?" Daktari alikuwa anatafuta mkono wa kushoto uliovunjika utotoni ukaunga vibaya. Nilimwonyesha ile picha yako.

Masanduku ni saba, Odile. Saba. Walipanua mtaro pande zote, wakachimba hadi mwamba. Uliniandikia "wote".

Nikwambie sasa kinachoendelea hapa. Jioni ya siku ya nne Hadja Mokhtaria, mjane wa Bouziane, ambaye amekula chakula chetu kila Idi tangu nizaliwe, alimwambia mama mbele za watu: "Wetu tumewapata, Yamna. Wako atakuwa alitoka kwa mlango wa mbele."

Mama akauliza, "Una maana gani?"

"Sina maana. Nahesabu tu. Walioingia wanane, waliokufa saba. Mtu akitoka hai mikononi mwa wale, anakuwa ametoa kitu."

Muulize baba yako. Mara hii umuulize yote.

Kheira


Ain Sebra, 30 Julai 1984

Odile,

Mwezi umepita, sijapata neno. Labda barua imepotea. Labda haikupotea.

Saba wamezikwa kwa bendera. Tarehe mosi Novemba, sikukuu ya miaka thelathini tangu vita vya uhuru vianze, litazinduliwa jiwe la marumaru mbele ya nyumba kubwa. Meya alinionyesha orodha. Jina la Djelloul limepigwa mstari kwa penseli. Nikamuuliza nani kapiga mstari. Akasema, "Mwalimu, si mimi, ni kamati. Subirini uchunguzi." Uchunguzi wa nani? Wamebaki nani?

Alhamisi nilimpeleka mama hamamu, kwenye bafu la wanawake wote. Wanawake walihamisha ndoo zao upande wa pili. Hakuona, lakini alisikia ndoo zikiburutwa. Akaniambia, "Niogeshe haraka twende." Tangu siku hiyo hatoki. Miaka ishirini na saba alikuwa mama wa shahidi. Sasa hata mkate hanunui, ananituma mimi, nami darasani nimekuta neno limeandikwa ubaoni ambalo sitaliandika hapa.

Kama baba yako amerukwa na akili, sema. Kama amekufa, sema. Kama unajua na unanyamaza, basi naomba uikumbuke siku ile ulipoandika kwamba hujasahau.

K.


Perpignan, 19 Agosti 1984

Kheira,

Baba alikufa tarehe 11 Julai. Barua zako zote mbili ninazo. Nilikuwa nikiziweka kwenye droo na kuzitoa.

Sikuwa na homa.

Nakuandikia tangu mwanzo, na nakuomba usome mpaka mwisho hata kama utataka kuichana.

Asubuhi ile niliamka mapema kwa sababu ya magari. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na udadisi wa mjinga. Baba alikuwa barazani na kapteni, wanakunywa kahawa. Nikapita nyuma nikaingia ghalani kwa mlango wa mashine. Wanajeshi walikuwa wameshafungua tangi, wamewaburura wote nje, wamewalaza sakafuni, wakaenda kuleta lori. Hapakuwa na mtu wa kulinda. Walinde nini?

Nilitaka kukimbia, nikasikia mtu anakohoa.

Djelloul alikuwa ametambaa mpaka nyuma ya mashine ya kukamulia. Nadhani alikuwa amelala na uso kwenye ule mlango mdogo wa chini, pale panapopita hewa kidogo. Macho yake yalikuwa yameungua, hayafunguki. Akasema, "Nani?"

Nikasema, "Ni mimi, Udil."

Akasema, "Udil, maji."

Nikajaza kata kwenye bomba, nikamnywesha. Alitapika, nikamnywesha tena. Akanishika mkono. Akasema, "Usimwambie mtu. Mwite baba yangu. Miloud peke yake." Sikujua kwamba Baba Miloud yuko njiani na mapipa. Nikamwambia, "Ngoja hapa."

Nikatoka. Nikavuka ua. Nikaenda barazani nikamwambia baba yangu.

Kwa miaka ishirini na saba nimejiambia nilidhani atamsaidia. Nimemwambia hivyo marehemu mume wangu, nimemwambia padri. Sikudhani. Sikudhani chochote, Kheira. Niliogopa, na wa karibu alikuwa baba, na kapteni alikuwa ameketi palepale akasikia kila neno.

Baba akaweka kikombe chini. Akasema, "Nenda chumbani kwako." Wakainuka wote wawili. Nilikwenda chumbani, nikafunga madirisha. Nilihesabu hadi mia nne na kitu, nikasikia risasi moja, mbali, upande wa kilima.

Siku mbili kabla hajafa baba alinieleza yaliyobaki. Walimpeleka kwenye tanuri la zamani la chokaa, nyuma ya kilima. Kapteni alimwambia ataje majina ya waliokata nguzo, atapelekwa hospitali. Djelloul akasema, "Nilikata mimi." Kapteni akamuuliza na nani. "Mimi peke yangu." Akaulizwa mara tatu, na baba yangu akiwa amesimama hapo. Akajibu neno lilelile mara tatu. Lori la wengine lilikuwa limeshaondoka, ndiyo maana walimwacha hukohuko, wakajaza tanuri mawe.

Nilijua mwezi wa sita kwamba hayumo mtaroni. Niliandika "wote" kwa sababu nilitumaini mifupa itakuwa imechanganyika, hamtahesabu, mtamzika nanyi mtapumzika. Nami pia.

Nimeapa mbele ya wakili hapa. Karatasi iliyogongwa mihuri imo ndani ya bahasha hii. Inasema kwamba alitoka hai, kwamba hakutaja mtu, na mahali alipo. Mpe meya.

Mama Yamna umwambie au usimwambie. Sijui lipi ni sawa. Sina haki ya kuchagua.

Odile


Ain Sebra, 4 Novemba 1984

Odile,

Barua yako niliisoma ofisini shuleni, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Sikuichana. Siku tatu baadaye tulikwenda kwenye tanuri, mimi, meya, yule daktari na wanaume sita. Mawe yalikuwa mengi. Alikuwa chini kabisa, ameketi, mgongo ukutani. Daktari alinyanyua mkono wa kushoto, akaupitishia kidole, akanitazama, akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Karatasi ya wakili meya aliisoma msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na mkalimani akairudia. Hadja Mokhtaria alikuja nyumbani siku hiyohiyo, akabaki mlangoni bila kuvua viatu, analia. Mama akamwambia, "Ingia basi, unaingiza inzi." Akaingia. Hawakusema zaidi ya hayo, na leo asubuhi nimewakuta wanachambua dengu pamoja.

Jiwe limezinduliwa. Majina ni manane. Lake lilichongwa mwisho, na fundi mwingine, kwa hiyo herufi zake ni kubwa kidogo kuliko za wenzake. Watoto wangu wa shule waliimba. Nilisimama nyuma yao nikitazama baraza ya nyumba kubwa, nikijaribu kupima ni hatua ngapi kutoka pale hadi mlango wa ghala. Ni chache.

Niliisoma karatasi yako mara nyingi, jinsi ninavyosoma insha za wanafunzi. Umeandika "nilishuhudia kwamba alikuwa hai". Umeandika "kisha baba yangu na kapteni wakamchukua". Walijuaje alipo, karatasi haisemi. Hayo umeniandikia mimi peke yangu. Sijui kama ulimwonea haya wakili au ulinipa mimi niamue. Yote mawili ni mzigo wako umenitwika.

Na baba yangu. Hukumtaja isipokuwa mapipa. Miaka kumi na minne alikaa na salfa ile mkononi. Mwaka 1962 mlipoondoka, alikusaidieni kupakia yale masanduku mawili, nawe ulikuwa mtu mzima mwenye miaka ishirini na mmoja. Ungemnong'oneza tu. Ungemwambia, Baba Miloud, si moshi, mwanao alitoka. Nimejaribu kukusamehe hilo la miaka kumi na sita, na siku zingine nakaribia. Hili la 1962 silikaribii.

Sasa mama.

Tulipomzika Djelloul aliniomba nimweleze yote. Tulikuwa tumekaa uani, jua limetua mgongoni mwake. Nilimweleza tangi, mlango mdogo wa chini, tanuri, majina aliyoulizwa mara tatu. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu. Halafu akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Alikufa na kiu?"

Nikamwambia, "La, mama. Alipewa maji."

"Na nani?"

Ningeweza kusema mwanajeshi. Ningeweza kusema sijui. Lakini nimefundisha watoto miaka ishirini wasidanganye, ikanitoka: "Na Udil. Alimkuta amejificha, akamnywesha kwa kata. Mara mbili."

Mama akageuza uso upande wangu. Akasema, "Basi kulikuwa na mtu."

Nilifungua mdomo nimalizie, maana nilikuwa nimefika katikati tu ya habari. Akaniwekea mkono gotini. Uso wake ulikuwa umefunguka, Odile, kwa namna ambayo sijaiona tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Nikafunga mdomo. Sikufanya hivyo kwa ajili yako.

Akainua mikono akakuombea dua. Alikutaja kwa jina, wewe na watoto wako, Mungu akupe afya, akunyweshe siku ambayo hakuna maji. Huwa anaomba hivyo kila siku tangu siku hiyo, baada ya sala ya alasiri. Ameniomba nikuandikie uje, akushike uso. Usije. Wala usiandike tena. Nitamwambia umehama.

Mimi hukaa kando yake anapoomba, nami huitikia amina, kwa sababu nisipoitikia ataniuliza kwa nini.

Kheira Bensahla